Mishikaki ya Sindano kwa Mke Wangu Shosho

Mimi nimestaafu. Msicheke. Najua ndevu zangu bado zinahesabika, na najua kuwa nikitaka kwenda choo bado nainua mkono kuomba ruhusa, lakini mtu hastaafu kwa sababu ya ndevu. Mtu hustaafu kwa sababu amefanya kazi. Na mimi kazi nimefanya. Niliianza nikiwa chekechea, nikaiacha mwaka huu nikiwa Gredi ya Kumi, bila likizo, bila chama cha wafanyakazi na bila mtu hata mmoja kuniandalia soda ya kuniaga.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwa bwana wa Shosho.

Ngojeni nieleze kabla hamjaita mzazi. Kwetu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake wa upande wa baba. Babu aliitwa Kariuki, mimi naitwa Kariuki, kwa hivyo mbele ya Shosho mimi si mjukuu. Mimi ni mume wake aliyerudi akiwa mfupi. Mgeni akiuliza huyu kijana ni nani, Shosho anajibu bila kupepesa jicho, "Huyu ni bwana yangu." Nikivunja kikombe, hasemi mtoto amevunja kikombe. Anasema, "Huyu mzee alikuwa hivyo hivyo hata zamani." Nimegombezwa kwa makosa ya mtu ambaye nimemwona kwenye picha tu.

Sasa, bwana ana majukumu. Yangu yalikuwa mawili: kumtungia Shosho uzi kwenye sindano, na kumchagulia zawadi kila Krismasi. Majukumu hayo yanakwenda pamoja, kwa sababu Shosho anapenda kushona kuliko anavyopenda baadhi yetu, na majina ninayo. Hashoni nguo. Anaunga viraka. Anachukua kipande cha rinda, kipande cha pazia na kipande cha suruali ya mtu ambaye bado anaitafuta, anavikata pembetatu, halafu anaziunga kwa mkono mpaka linatokea blanketi ambalo ukilitazama sana unaona kizunguzungu.

Kwa hivyo nawaandikia nyinyi wadogo, wenye macho mazuri ambayo mnayamalizia kwa simu. Siku moja mtaitwa, "Kuja unitungie hii uzi," na kabla ya kusema unaenda kucheza, tayari umeajiriwa. Afadhali mwingie kazini mkijua kitu.

Tuanze na uzi. Wengi wenu mnalamba uzi. Mimi pia nililamba mwaka mzima wa kwanza, mpaka nikawa najua kutofautisha rangi kwa ladha. Ni makosa. Uzi ukilowa mate unavimba kama chapati iliyosahauliwa kwenye chai, halafu unashangaa mbona hauingii.

Aliyenitoa huo ujinga ni Koko Nasieku, jirani yetu, bibi wa Kimaasai ambaye boma lake limepakana na ploti yetu huku nyuma ya Kitengela, mahali machimbo ya mawe yanapoishia na mbuzi kuanza. Yeye hutunga shanga. Kila alasiri yeye na Shosho huketi kwenye kivuli cha tangi la maji, mmoja na viraka, mwingine na shanga, wakisema watu. Siku hiyo akaniona nikilamba.

"We layioni," akaniita, na layioni kwa Kimaasai ni kijana mdogo ambaye bado hajatahiriwa, si jina la kumwita bwana wa mtu. "Unatunga uzi ama unaikula?"

"Natunga, Koko."

"Kama ni njaa sema tukuletee chumvi. Kata hapa mbele mshazari, iwe kama ncha ya mkuki. Mate weka kwa shimo ya sindano, si kwa uzi. Halafu shika uzi, utulie. Sindano ndiyo itembee."

Nikafanya hivyo. Uzi ukaingia mara ya kwanza, nikapiga kelele kana kwamba nimefunga bao. Mpaka leo sijui kwa nini shuleni hawafundishi hiyo. Na mimi nimeongezea utafiti wangu: kama uzi ni mweusi, weka kitu cheupe nyuma yake. Mimi nilitumia soksi yangu ya shule, mpaka ilipoacha kuwa nyeupe.

Koko akamgeukia Shosho. "Mama Njoroge, huyu mzee wako alikuoa vipi kama hata kutunga hajui?"

"Nilidanganywa na meno."

Koko akanitazama mdomoni. Wakati huo nilikuwa nimeng'oka yote ya mbele. Walicheka mpaka shanga zikamwagika, na kazi ya kuokota nikapewa mimi.

Sasa niwaambie kitu ambacho Koko hakutakiwa kujua. Shosho hakuwa ananiita nitunge kwa sababu ya mapenzi ya ndoa. Alikuwa haoni tundu la sindano. Kushona anashona, kwa sababu vidole vyake vinajua njia, lakini lile tundu lilikuwa limeshafunga kwake miaka mingi. Miwani anayo. Anaivaa kanisani tu, akishika kitabu cha nyimbo ambazo anazijua kwa kichwa. Kwa Koko alikuwa amesema macho yake ni ya msichana, na kwamba mimi natunga kwa sababu kutunga ni kazi ya bwana. Mimi nilikuwa bwana na pia nilikuwa siri.

Tuje kwa zawadi.

Mtu anayependa kushona usimletee kitu ambacho kimeshashonwa kikaisha. Hiyo niliijua kupitia kwa shangazi yangu, Tata Wangari, anayeishi Nkoroi. Nyinyi mnajua mama mzee akiheshimiwa inavyokuwa: kina mama wanamzunguka wakiimba, wanacheza, halafu anatupiwa leso au blanketi mabegani na vigelegele vinapigwa. Krismasi moja Tata alikuja na blanketi zito, laini, lenye picha ya simba mkubwa ametoa meno. Wakaimba. Wakamfunika. Shosho akalia machozi kabisa. Tata akatutazama sisi wengine vile mtu hutazama walioshindwa.

Kesho yake tukapata simba amelala sebuleni vipande vipande.

"Mami!" Tata akapiga nduru. "Hiyo ilikuwa ya kujifunika!"

"Na nitajifunika," Shosho akasema, pini zikiwa mdomoni. "Ngoja kwanza nimalize kuishona."

"Lakini ilikuwa imeshashonwa!"

"Na nani? Mashine? Hata hainijui."

Jicho moja la huyo simba liko kwenye mto wa kiti chetu mpaka leo. Linanitazama nikila.

Baada ya hapo nikajiona mwerevu. Nikasema, huyu mwanamke hataki blanketi, anataka malighafi. Krismasi iliyofuata nikaenda kwa fundi Musyoka, ambaye ana kibanda cha cherehani pale sokoni, nikamwomba mabaki ya vitambaa. Alikuwa anapiga pasi huku anaongea na simu iliyobanwa kwa bega, akanionyesha chini ya meza kwa kidevu. Nikajaza gunia. Na kando kidogo nikaona furushi limefungwa na utepe, kitambaa cha samawati iliyokolea, kinang'aa kidogo ukikigeuza. Nikaliweka pia. Nikasema hata mimi siku moja Mungu amenikumbuka.

Shosho alilifungua. Akakipapasa kile kitambaa kwa shavu. "Leo nimekumbuka kwa nini nilikubali kuolewa," akasema. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshakikata.

Siku mbili baadaye boda boda ikaingia kwa fujo na Musyoka akaruka kabla haijasimama, utepe wa kupimia bado uko shingoni.

"Kariuki! Ile kitu ya blue iko wapi? Ile imefungwa!"

"Si ulisema nichukue?"

"Nilisema ya chini! Hiyo ni mikono, kijana! Mikono ya suti! Bwana harusi ana suti haina mikono na anaoa Jumamosi!"

Hapo Shosho akatokea mlangoni, pembetatu za samawati zimebanwa kifuani kwa pini kama medali za jenerali. Musyoka akaziona. Akaketi chini kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa na maji.

"Kitambaa kingine hakuna?" Shosho akamuuliza.

"Alitoa kwao Machakos. Iliisha."

"Bwana harusi ni mnene?"

"Wa kawaida."

"Basi mikono anataka ya nini, na jua ya Kitengela hii? Mtoe kola, mpige kizibao."

Shosho mwenyewe alienda naye kibandani akazungushia mapindo kwa mkono, na mimi nikaenda nyuma yao kutunga uzi, maana bila mimi siri ingelipuka huko sokoni. Jumamosi bwana harusi akatokea na kizibao juu ya shati jeupe, na wanawake wakasema ni wa kisasa. Miezi iliyofuata mabwana harusi wengine wakaanza kuomba hicho hicho. Musyoka sasa huambia watu huo ni mtindo wake. Mimi hunyamaza, lakini nikipita hapo huwa ananiita "mkubwa".

Kwa hivyo shikeni hii, ni ya bure: kwa fundi wa nguo, kitu kilicho sakafuni ni chako, lakini kitu kilichofungwa ni mwili wa mtu.

Zawadi nyingine sitazisema zote. Kuna mkasi mzuri niliomnunulia halafu nikauazima kukatia waya wa mradi wa shule. Huo tulijadili mpaka mchungaji akahusishwa. Kuna tochi ya kichwani ambayo baba yangu alitoa kazini kwake machimboni, akisema mama anahitaji mwanga. Shosho akaivaa, akaiwasha, akatoka nayo kumwonyesha Koko. Koko akainua mkono kujikinga macho.

"Takwenya, lori!" akasalimia.

Takwenya ni salamu ya kina mama kwa Kimaasai, na anayesalimiwa hujibu, "Iko." Siku hiyo Shosho hakujibu. Alirudi ndani, na tochi ikapewa kuku wapate joto.

Lakini Desemba iliyopita haikuwa ya mchezo. Nilikuwa nimepangiwa shule ya bweni, mbali, huko mvua inakonyesha bila sababu. Tata Wangari akaninunulia blanketi la shule, la kijivu, kwa sababu shule ilikuwa imesema kijivu tupu, lisiwe na maua wala mistari wala wanyama. Na Shosho alikuwa katikati ya kazi kubwa. Hakutaka niione. Nikiitwa kutunga, anaifunika kwanza kwa leso, ananipa sindano, ananifukuza. Nilidhani ni ya mtu wa kanisa. Nilichojua tu ni kwamba ilikuwa kubwa kuliko zote na haikuwa imefika hata nusu.

"Nikienda, nani atakutungia?" nikamuuliza.

"Hakuna. Nitaacha kushona. Nimeshona ya kutosha."

Alisema hivyo akilainisha kiraka kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Mimi ni mtu wa mzaha, mnanijua, lakini hapo mzaha uliniisha.

"Si umwambie Koko?"

Akanitazama kana kwamba nimemwambia aende kanisani bila kitambaa kichwani. "Nimwambie nini? Kwamba sioni? Nikimwambia tu, ataanza kunishika mkono tukivuka mtaro. Wewe nenda shule, mzee. Acha mambo ya wanawake."

Kwa hivyo zawadi ya Desemba hiyo haikuwa ya kupamba. Nikikosea, Shosho anaweka sindano chini, na Shosho bila sindano sijui ni nani. Nikazunguka Kitengela yote. Nikapata kile kikaratasi cha bati chenye kijiwaya cha kusaidia kutunga uzi. Nikampa aonje kabla ya Krismasi. Akakigeuza geuza.

"Hii ni nini? Heleni ya panya?"

Tatizo ni kwamba hata hicho kijiwaya lazima ukipitishe kwenye tundu, na tundu ndilo halikuwepo.

Jibu nililipata kwa nyama. Kuna mtu anachoma mishikaki karibu na steji, na siku hiyo nilisimama hapo nikiwa na mawazo kama mtu mzima. Nikamtazama akidunga nyama: kipande kinaingia, kinasukumwa nyuma, kingine kinaingia. Zimejipanga foleni kwenye kijiti kimoja. Na mteja anachomoa cha mbele tu, hivyo vingine vinangoja zamu. Nikasahau kula. Mshikaki ukapoa mkononi. Kama nyama inaweza kupanga foleni kwenye kijiti, kwa nini sindano zisipange foleni kwenye uzi?

Fanyeni hivi. Chukua roli ya uzi nzima. Usiukate. Tunga sindano ya kwanza, isukume chini. Tunga ya pili kwenye uzi ule ule, isukume. Endelea mpaka upate mshikaki wa sindano, halafu uzungushe uzi kwenye roli pamoja nazo. Shosho akitaka, anashika sindano ya mbele, anavuta nayo uzi wa urefu wa mkono, na uzi unapita tu kwenye matundu ya zile za nyuma. Anakata. Ya mbele imetungwa, na za nyuma bado zimetungwa. Hahitaji kuona kitu.

Nilienda kufanyia hiyo kazi nyuma ya boma la Koko, kati ya mbuzi, maana kwetu hakuna kona Shosho hapiti. Nikiwa katikati ya roli ya tatu, kivuli kikanisimamia.

"Layioni. Sindano zote hizo unataka kudunga serikali?"

"Ni za shule, Koko."

"Shule ya nini, ya nungunungu?"

Nikasukuma roli nyuma ya mgongo. Yeye akaketi juu ya jiwe, akachukua roli moja, akaipapasa, akavuta sindano ya mbele, akaona ile ya nyuma inabaki. Akacheka kwa pua.

"Macho ya Shosho wako yaliisha zamani," akasema. "Unafikiri sijui? Juzi amesimama hapo kwa ua akasalimia mbuzi yangu nyeusi. Akaiuliza habari ya watoto."

"Na mbuzi?"

"Ikaitikia vizuri kuliko wewe."

"Sasa Koko, mbona hujawahi kumwambia unajua?"

Alikuwa hajasikia. Nikarudia kwa sauti kubwa. Akachezea shanga zake kidogo.

"Na yeye mbona hajawahi kuniambia mimi sisikii?" akasema. "Miaka yote anaketi upande wa hii sikio nzuri. Unafikiri ni kwa sababu ya kivuli?"

Halafu akanitolea kipande cha mshumaa mkobani, akanionyesha kuupitisha uzi juu yake ili usijifunge mafundo. Tukamaliza pamoja, yeye akifukuza mbuzi, mimi nikitunga.

Krismasi nilimpa Shosho mkebe wa majarini. Wote walidhani ni majarini. Akafungua, akatia vidole, akapapasa roli ya kwanza. Akavuta. Sindano ikaja na uzi wake, imetungwa, na nyingine ikabaki imejipanga. Akavuta tena.

"Muthuri wakwa," akaniambia, na hiyo kwetu ndiyo bwana wangu, "kumbe akili ulikuwa nayo. Ulikuwa umeificha wapi miaka yote hii?"

Alasiri hiyo hiyo alitoka mpaka kwenye tangi, akaketi mbele ya Koko, akachomoa sindano kwa madaha, akakata, akaiinua juu. "Umeona? Mara moja. Macho ya msichana."

"Nimeona!" Koko akasema, na kwa sababu ya masikio yake, hata majirani wa ploti ya nyuma walijua kwamba ameona.

Nikaenda shule. Huko tulikuwa tunapanga foleni ya simu Jumamosi, na wenzangu wakiuliza kwao habari ya pesa ya matumizi, mimi nauliza, "Shosho, mishikaki iko?" Kijana mmoja wa bweni letu alidhani nyanya yangu ana hoteli. Shosho alikuwa anajibu, "Iko," halafu anakata, kwa sababu anaamini simu ndefu hupasha sikio moto. Lakini nilikuwa najua hesabu. Mshikaki wowote huisha, na blanketi lilikuwa kubwa.

Likizo fupi ya katikati ya muhula nilifika nyumbani, sikusalimia mtu, nikaenda moja kwa moja kwa ule mkebe. Ulikuwa mtupu. Ulikuwa umeisha zamani. Tata Wangari akaniambia ilivyokwenda: kina mama wa kanisa walikuja, Shosho akataka kuonyesha, akawa anawachomolea sindano iliyotungwa mmoja mmoja kama anayewapakulia wageni. Mishikaki ya muhula mzima ikaisha kwa mkutano mmoja.

Nikatoka nje nikijua nitamkuta ameketi bure. Na nikasikia, kutoka nyuma ya tangi, sauti ndogo.

"Shosho, ingine?"

Shosho alikuwa anashona. Koko alikuwa hapo na shanga zake. Na katikati yao, juu ya debe nililokuwa nakalia mimi, alikuwa ameketi mtoto, mjukuu wa Koko anayeitwa Lemayian, meno ya mbele hana, sindano mkononi.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Huyu ni bwana yangu," Shosho akasema bila kupepesa jicho.

"Na mimi?"

"Wewe si ulienda safari? Mwanamke atangoja mpaka lini, na blanketi uliiacha nusu?"

"Lakini Shosho, haitwi hata Kariuki!"

"Nimechoka na akina Kariuki."

Koko alikuwa anatazama shanga zake kwa makini sana. "Mimi ndiye nilimwomba Mama Njoroge anisaidie," akasema. "Huyu mtoto alikuwa ananisumbulia mbuzi. Nikamwambia, tafadhali, mfundishe kazi yoyote, hata kutunga uzi."

"Nikamhurumia," Shosho akasema. "Nikamchukua."

Hapo ndipo nilijua nimeshindwa kwa zawadi na mtu ambaye hata hakuifunga kwa karatasi. Mimi nilimpa Shosho sindano. Koko alimpa mtu wa kutunga, na akampa kwa njia ambayo Shosho ndiye aliyeshukuriwa.

Siku ya kurudi shule Shosho alinirudishia blanketi langu la kijivu, alilokuwa amelichukua akisema anafua. Lilikuwa limekunjwa na kufungwa kwa kamba, zito kama kondoo. "Limenona," nikasema.

"Ni sabuni. Usifungue njiani."

Shuleni mwalimu wa zamu alipita akikagua vitanda. Akalibonyeza langu. "Mbona hii ni nene?"

"Ni baridi, mwalimu."

Akaangalia. Kijivu tupu, hakuna maua, hakuna mistari, hakuna wanyama. Akapita.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, bweni likiwa tupu, nikaligeuza. Upande wa pili alikuwa simba, jicho lake la pili, ananitazama. Alikuwa amezungukwa na ile samawati ya bwana harusi, na leso, na pazia letu la zamani, na kiraka kimoja kidogo, cheupe kisicho cheupe, ambacho ilinichukua muda kukitambua. Ilikuwa soksi yangu. Kila zawadi ya kitambaa tuliyokosea ilikuwa hapo, imeshonwa kwa mkono, na mapindo yake yameingia kwenye kile kijivu hata mkaguzi asipate mahali pa kushika. Hiyo ndiyo pensheni yangu. Hailipiwi ushuru.

Nikajitupa juu yake, nikaruka tena mpaka karibu nigonge kitanda cha juu. Kitu kilikuwa kimenidunga kwenye paja.

Ilikuwa sindano, imesahaulika kwenye pindo, bado na uzi wake mweusi. Nikaichukua nikaenda nayo dirishani. Sindano zangu zote ziliishia kwa kina mama wa kanisa, kwa hivyo hii ilikuwa kazi ya yule mtoto, na nilishajitayarisha kucheka. Nilitarajia uzi uliovimba kwa mate, umekatwa kwa meno, kazi ya mwanafunzi. Nikapanga hata maneno ya kumwambia likizo ikifika.

Nikaweka ukurasa mweupe wa daftari nyuma yake ili nione vizuri.

Uzi ulikuwa umekatwa mshazari, safi, kama ncha ya mkuki. Nikaidunga ile sindano kwenye soksi, mahali pake, nikalala.